Vikamba Vinne vya Bendera

Alexandria, Virginia
14 Juni 2025

Rahma,

Salamu sikupi hapa juu. Nitaziweka mwisho wa barua, ukinistahili. Wiki tano umekaa Manila masomoni na sijaona karatasi yako hata moja. Usiniambie ulituma ujumbe kwenye simu ya mama yako. Simu ni ya kuulizana hali na kuarifiana misiba. Mambo ya maana yanaandikwa, na miye unaniandikia kwa Kiswahili. Nilijifunza kuandika darasa la watu wazima, Wete, nina watoto watatu nyumbani na umri mkubwa kuliko mwalimu. Weye umefika chuo kikuu, halafu kalamu inakuwa nzito.

Nina kazi ya kukupa. Unamkumbuka Mzee Fredy, Mfilipino wa mlango unaotazamana na wetu, aliyekuwa akikupa peremende ukitoka shule. Figo zake zimekufa. Kiprotich, yule Mkenya wa teksi anayekaa chini yetu, humpeleka kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, na akirudi huwa kama nguo iliyokamuliwa. Daktari kamwambia moyo nao umechoka, pengine hafiki mwaka mpya. Ana mtoto mmoja duniani, binti, Cheryl, yuko huko huko uliko. Hawajasemeshana tangu uchaguzi wao wa 2022. Mzee Fredy alikimbia kwao akiwa kijana, wakati wa yule mtawala aliyekuwa akifunga watu. Kaka yake, Leonard, alichukuliwa na askari na mpaka leo hana hata kaburi. Sasa binti akaenda kumpigia kampeni mtoto wa mtawala yule yule, na mtoto akashinda. Mzee Fredy alikata simu siku hiyo, akaapa haisikii tena sauti ile.

Miye siamui nani ana haki. Nasema mtu asife bila kusema na mwanawe kwa ajili ya wanasiasa ambao hata kumzika hawatakuja. Hilo tu ndilo ninalolitaka. Mtafute Cheryl. Anwani yake iko humu, nimeinakili kutoka kwenye boksi la zamani la zawadi alizokuwa akimpelekea. Mzee mwenyewe hajui.

Na jingine likuingie. Mwezi uliopita aliniletea bendera ya kwao, imechanika ubavuni. Ya zamani, ya kushonwa kwa mkono. Nikaitia kiraka ambacho hata weye hukioni. Ina vikamba vinne vya kitambaa vya kufungia kwenye chuma cha roshani. Mshono wake mdogo mdogo, wa mtu aliyefunzwa kazi, lakini fundi mwenyewe alilala: vikamba kaviweka pindo la nyekundu, nyekundu ikae juu. Nikaenda mpaka duka la Wafilipino nikaitazama ya kwao ukutani. Buluu iko juu. Basi nikavifumua vyote vinne, nikavishona pindo la buluu. Nilipompa aliikunjua, akaitazama, akasema ahsante moja, akafunga mlango. Tangu hapo ananisalimia kwa kichwa. Mtu nimemrekebishia kosa la miaka mingi, ananinunia.

Lakini juzi, siku ya uhuru wao, aliitundika, akatoa kiti akakaa karibu yake. Kiprotich kapiga picha. Nimekutilia humu. Mwonyeshe binti, aone babake alivyokonda.

Haya, na salamu. Kula, usijifanye huna njaa.

Bibi yako,
Ummu


Manila
8 Julai 2025

Shikamoo Bibi,

Hii ni barua ya tatu. Mbili za kwanza zilijaa Kiingereza nikazichana. Ukikuta makosa, yazungushie kalamu kama zamani.

Nimempata Cheryl. Anakaa bondeni, kaskazini ya jiji, mtaa ambao mafuriko huingia ndani kila mwaka. Wameweka alama ukutani, maji yalifika hapa mwaka huu, hapa mwaka ule, kama ulivyotupima urefu sisi kwenye mlango wa jikoni. Ana miaka arobaini na nane na ni mjumbe wa mtaa. Mlangoni ana picha ya huyo mtoto wa mtawala, imepauka kwa jua. Nilipomwambia natoka kwa jirani wa babake hakunikaribisha. Aliuliza kwanza kama amekufa.

Nikampa picha ya Kiprotich. Akakaa chini, pale pale kwenye ngazi.

Bibi, kuna jambo hatukulijua. Bendera ya hawa watu, buluu ikiwa juu, nchi ina amani. Ikigeuzwa nyekundu ikawa juu, nchi iko vitani. Ndiyo sheria yao, watoto wanafundishwa shuleni. Ile bendera, Mzee Fredy na Leonard waliitundika dirishani nyekundu juu, wiki ile ile askari walipokuja. Mama yao ndiye aliyeshona vikamba. Mzee Fredy alitoroka nayo ndani ya shati, akamwacha mke ana mimba ya Cheryl. Baadaye watu walijaa barabarani, yule mtawala akaondoka, na Mzee Fredy akaja kuwaona. Lakini bendera hakuigeuza. Alisema mpaka Leonard arudi. Kila picha aliyomtumia Cheryl kutoka Virginia, miaka yote, nyekundu iko juu.

Cheryl aliweka kidole kwenye picha akaniambia, "Ameigeuza. Baba amenisamehe."

Nilijua mikono iliyoigeuza ni ya nani, Bibi. Sikusema. Nika-freeze.

Nilimwuliza kwa nini alimpigia kampeni yule mtu. Hakukasirika. Alisema wale waliokuja baada ya mtawala kuondoka walikuwa upande wa babake, na kila mmoja alipita kwenye mtaa wao na viatu vya mpira akaahidi kuzuia maji. Mama yake alifia kwenye ukumbi wa hospitali akingoja kitanda. "Nchi ilinichukulia baba kabla sijazaliwa," alisema, "na kila niliyemuuliza imetufanyia nini akanionyesha sanamu ya mashujaa. Huyu alisema atatujengea ukuta. Nikasema basi, na ajenge."

Amemwandikia babake. Barua yake iko humu, imefungwa. Inaanza kwa kumshukuru kwa bendera, aliniambia. Mpe, Bibi.

Mjukuu wako,
Rahma


Alexandria
30 Julai 2025

Rahma,

Hiyo "nika-freeze" nimeizungushia. Mtu huganda, au huduwaa, au hufa ganzi. Chagua.

Miye ndiye niliyeganda. Nimeisoma barua yako nimesimama jikoni mpaka wali ukashika. Yule fundi niliyesema alilala ni mama aliyekuwa akiwashonea wanawe bendera. Nilikaa na mkasi nikikata mishono yake mmoja mmoja, nikijisifu moyoni. Uzi wake niliukusanya kiganjani nikautupa kwenye pipa la taka, pamoja na maganda ya vitunguu. Miaka arobaini nimeshona, Wete na hapa, na sijapata kumharibia mtu nguo. Nimekuja kuharibu hii.

Barua ya Cheryl sijampa. Iko ndani ya bati la biskuti, chini ya nyuzi. Usinikaripie kabla hujafikiri. Nikimpa, atasoma anashukuriwa kwa jambo ambalo hakulifanya. Unamjua alivyo. Ataniita nigeuze nyekundu juu hapo hapo, kisha atamwandikia binti kwamba hajasamehe kitu, na atakufa hivyo. Nisipompa, anakufa hajui kwamba mwanawe amemwandikia. Miye ndiye niliyetaka waseme, na miye ndiye niliyewatilia uongo katikati.

Bendera bado iko roshani. Siku ya uhuru wao imepita wiki saba na hajaiondoa. Sijui kwa nini. Amezidi kudhoofu, mikono inatetemeka hata kikombe hakishiki vizuri. Jana nilimpelekea uji, akaupokea bila kunitazama.

Nenda kwa Cheryl umwambie ukweli. Mwambie ni kizee cha Kipemba kisichojua bendera za watu. Akinitukana, mwache anitukane.

Bibi yako


Manila
20 Agosti 2025

Shikamoo Bibi,

Sikwenda kumwambia, na nitakueleza sababu.

Mvua ya mwezi uliopita ilifika kifuani ndani ya nyumba yake. Maji yalipopungua, Cheryl na majirani walikwenda kuutafuta ule ukuta wa kuzuia mafuriko. Karatasi zinasema umekwisha tangu mwaka jana, urefu wake umeandikwa, na picha ya ufunguzi ipo: wakubwa wamevaa kofia za ujenzi, na Cheryl yuko katikati kama mjumbe wa mtaa, ameshika mkasi, anakata utepe. Walitembea kando ya mto asubuhi nzima. Walikuta vigingi vitano na majani.

Alinionyesha mkono wake wa kulia, akasema, "Huu ndio uliokata." Ile picha ya mlangoni ameibandua. Imebaki alama nyeupe ya mraba.

Sasa nimwambie na hili? Kitu kimoja alichobaki nacho ni kwamba babake amemsamehe. Ananiuliza kila wiki kama barua yake imefika. Namwambia posta inachelewesha.

Na samahani kwa nitakachosema. Ulinifundisha kwenye cherehani kwamba nguo ukiiharibu humpi mtu mwingine akurudishie. Unaikunja, unaipeleka mwenyewe mpaka kwa mwenye nguo, unaikunjua mbele yake unamwonyesha ulipoharibu. Nilikuwa na miaka tisa, nimekata kanzu ya babu, na ulinisukuma mpaka mlangoni kwake. Mwenye bendera yuko ng'ambo ya mlango wako.

Nimeduwaa. (Nimechagua.)

Rahma


Alexandria
11 Septemba 2025

Rahma,

Una ulimi, na umeutoa kwangu, kwa hiyo sina pa kushitaki.

Nilikwenda jana alasiri. Nilibeba bati la biskuti, mkasi, na barua ya Cheryl kifuani. Nilimkuta kwenye kochi, Kiprotich ndiyo kwanza kamrudisha. Unajua tunavyosema, Kizungu changu cha kuokota na chake cha miaka mingi ya kazi za hoteli, lakini tunaelewana. Sikuzunguka. Nilimwambia bendera niliigeuza kwa kiburi, sikujua maana yake, na uzi wa mama yake niliutupa.

Akaniashiria nikae. Kisha akasema alijua siku ile ile. Alikasirika hata usingizi ukamkataa. Asubuhi ya siku ya uhuru alichukua mkasi avifumue mwenyewe, mikono ikatetemeka akajikata kidole. Ndipo akaitundika hivyo hivyo, ili isikose kutundikwa. Akakaa chini yake. Akapita muuguzi mmoja wa kwao kule chini, akainua kichwa akaiona, akaweka mkono kifuani, akaendelea na safari yake. Akaniambia, "Mama Ummu, miaka arobaini na minane sijakaa chini ya amani hata kwa saa moja. Nikasema niikalie kidogo, kisha nitakuita ugeuze. Kila siku nikasema kesho."

Nikamtolea barua. Aliisoma polepole, akarudia. Sikumuuliza, akanitafsiria mwenyewe. Alipofika pale binti anaposhukuru, akaiweka barua kochini. Nikamwambia na habari za ukuta na mkasi wa utepe, maana sikutaka kubakiza kitu. Nilidhani atasema, "Si nilimwambia?" Hakusema. Alisema tu kwamba aliporudi kwao yule mtawala alipoondoka, alikaa wiki tatu, akaona walewale wamebadilisha mashati, akachoka, akapanda ndege. Akamwacha mtoto wa miaka tisa kwenye maji akawa anamtumia sabuni na nyama ya kopo.

Miye nikamwambia yangu. Nimepanga foleni ya kura mara tano kule kwetu, na mara tano nimerudi nyumbani na wino kidoleni na bila kitu kingine. Ya sita nilikuwa hapa na wala sikuuliza nani kashinda. Akacheka, mara ya kwanza tangu Mei.

Halafu akaniomba jambo baya. "Iache ya buluu," alisema. "Mwambie niliigeuza mimi."

Nikamkatalia. Uongo sikuuanza kwa kusudi na sitaumalizia kwa kusudi. Nikaenda roshani nikaifungua bendera, nikaileta mapajani kwake, nikachukua mkasi nikavifumua vikamba vyote vinne, kazi yangu mwenyewe, mbele ya macho yake. Nikavibana kwa pini pindo la buluu. Nikatunga uzi sindanoni nikamwekea mkononi. Nikamwambia kama unataka kusema umeigeuza, igeuze.

Kikamba cha kwanza kilichukua saa nzima. Nilimshikia kitambaa, sindano sikuigusa. Alijichoma mara kadhaa, kuna tone la damu kwenye kikamba cha pili. Mishono imekwenda kama mguu wa kuku kwenye mchanga, na miye, Rahma, nilikaa nikaitazama nisiseme neno. Kiprotich alipokuja na chakula alikuta tumebakiza kimoja. Akauliza, "Mama, leo mzee ndio fundi?" Nikamwambia aweke sahani na anyamaze.

Sasa si uongo. Mwambie Cheryl yote: ya kwanza niliigeuza miye kwa ujinga, ya pili kaigeuza babake kwa mkono wake. Kuandika hawezi tena, kwa hiyo huu mshono ndio barua yake.

Bibi yako


Manila
22 Septemba 2025

Shikamoo Bibi,

Barua yako ya mwezi huu bado haijafika, lakini hili haliwezi kungoja.

Jana watu walijaa barabarani. Sijawahi kuona watu namna hiyo: masista wa kanisa, madereva, wanafunzi, wamama wa bondeni wamevaa viatu vyao vya mafuriko. Wote wanauliza kuta za mafuriko ziko wapi. Ilikuwa tarehe ishirini na moja, siku ambayo zamani yule mtawala aliiweka nchi chini ya jeshi. Nilikwenda na Cheryl. Asubuhi alikuwa amejiuzulu ujumbe wa mtaa, barua ya mistari miwili.

Alikuja na bendera mpya na fimbo ya ufagio. Kabla hatujaingia kwenye umati alisimama, akaifungua, akaifunga upya. Nyekundu juu.

Nikamuuliza kama ana hakika, maana babake ameigeuza kuwa ya amani. Akasema, "Yeye amepigana vya kutosha, apumzike. Vita nilimwachia peke yake." Mzee mmoja aliyetembea kwa mkongojo alimtazama, akamuuliza yeye ni wa nani. Akajibu, "Mimi ni wa Leonard na Fredy."

Sikumwambia, Bibi. Nilishindwa tena. Picha niliyompiga na bendera yake iko humu, nimeisafisha dukani badala ya kuituma kwa simu, kwa sababu yeye anataka babake aishike mkononi.

Rahma


Alexandria
20 Oktoba 2025

Rahma,

Mama yako alishakuarifu kwa simu kwamba Mzee Fredy amekufa, wiki iliyopita, Jumatatu asubuhi. Simu imefanya kazi yake. Yaliyobaki ndiyo haya.

Mwanzo wa mwezi alisema damu haisafishwi tena, amechoka. Sikumbishia. Picha yako ilifika Alhamisi, siku nne kabla. Nilimwekea mto mgongoni nikampa. Aliisogeza karibu na macho. Nilimwona anahesabu rangi, juu, chini. Akasema jina la binti. Kisha akaanza kucheka, kicheko hakina sauti, mabega tu. Akaniambia, "Mimi nimeweka chini, yeye ameokota." Akataka simu.

Kiprotich akapiga kwa simu yake, akamshikia sikioni. Walisema kwa lugha yao, wala sikutoka chumbani, maana nani angemshika asidondoke. Sikuelewa hata neno, ila jina la Leonard mara mbili, na mara moja nikasikia langu. Sehemu kubwa walikuwa wananyamaza tu, huyu huku na yule kule. Kiprotich mkono ulimwuma akabadilisha, wa pili ukamwuma, akarudia wa kwanza. Nilichokitaka Juni kimetimia, na namshukuru Mungu, lakini nimekiona kidogo kuliko nilivyodhani kitakuwa. Miaka mitatu imeingia kwenye dakika ishirini.

Amezikwa hapa hapa Virginia. Padri alitaka kujua bendera ilazwe vipi juu ya sanduku, watu wakaanza kubishana, kuna waliosema hivi na waliosema vile. Nikawaambia haitalazwa. Nilikuwa nayo mkobani, na nilikuwa nimeagizwa.

Jumamosi ile alinipa amri. Alisema fumua vikamba, umpelekee Cheryl bendera mbali na vikamba mbali. Atavishona mwenyewe upande atakaouona unafaa, na nchi ikibadilika avifumue tena. Nilimwambia mishono yako iache, ni ya mkono wako. Akasema mkono wake umemaliza.

Basi nimefumua. Muuguzi yule aliyeweka mkono kifuani, kumbe anakaa jengo la pili, anasafiri kwao Ijumaa. Atakuletea bahasha hii. Ndani kuna bendera, na vikamba vinne, na sindano, na kikaratasi nilichokikunja. Kikaratasi usikitikise. Ni uzi wa babake, wote, mpaka wenye damu. Uzi wa bibi yake niliutupa, na hilo nitakutana nalo mbele ya Mungu. Huu nimeuokota kipande kwa kipande juu ya meza, nimevaa miwani miwili.

Bendera mpelekee mwenyewe kwa mkono wako. Uikunjue mbele yake. Umwambie ya kwanza niliigeuza miye, ya pili babake, na kwamba sitaki anisamehe haraka. Kama hajui kushona, mfundishe ule mshono mdogo mdogo niliokufundisha. Sindano umwachie, wala usimwambie avishone pindo lipi. Hata miye nimetamani kuandika hapa upande gani ningeshona, nikaiweka kalamu chini, nikanywa chai, nikarudi.

Roshani ya Mzee Fredy iko tupu. Chuma kile, pale vikamba vilipokuwa vikifungwa, pamesuguka rangi mahali panne.

Salamu zako hizi. Umezistahili.

Bibi yako,
Ummu